Dirisha la Nadhiri

Moyo wa Kibwana unasikika. Sizungumzii kile kifaa cha madaktari cha kubandika kifuani. Unasikika hivi hivi, kwa masikio ya kawaida, mradi watu wanyamaze. Tik. Tik. Tik. Ndani ya moyo wake umewekwa mlango mdogo wa kutengenezwa, unaofunguka na kujifunga damu inapopita, na kila ukijifunga unatoa mlio kama saa ya ukutani. Watoto wa jirani walikuwa wakija kumsikiliza kama redio, mpaka mkewe akawatimua.

Mkewe ni Mwanamkuu, mfinyanzi wa vyungu, na ukipita Mzenga ukauliza vyungu vya kupikia visivyopasuka utaelekezwa uani kwake. Mwanzoni mlio ule ulimtisha. Sasa, mwaka wa tatu, hawezi kufinyanga bila kuusikia. Mzee akijilaza mkekani kivulini baada ya chakula cha mchana, Mwanamkuu anakaa karibu na udongo wake, mikono ikifanya kazi huku masikio yakilinda. Mlio ukimpotea kidogo kwa sababu jogoo kawika, anageuka kuangalia kama kifua kinapanda.

Mlango ule wa moyo waliufuata India, katika mji wa Ahmedabad. Watu wa Mzenga ukiwatajia India wanafikiria hospitali tu, kama vile nchi nzima ni wodi. Mwanamkuu anawakatalia. Anawaambia yeye hospitali hakuiona sana, maana saa za kuona wagonjwa zilikuwa chache, na siku ina saa nyingi mno kwa mwanamke ambaye mumewe amefunguliwa kifua. Akikaa chumbani alikuwa analia. Kwa hiyo alijifunga mtandio akatoka kutembea.

Akauona mji wa zamani. Vichochoro vyembamba vyenye lango lake mwanzoni, na ndani ya lango nyumba za mbao za miaka na miaka, nguzo zimechongwa maua, ndege na tembo, mbao zimekuwa nyeusi kwa uzee lakini maua yapo. Mahali vichochoro vinapokutana paliinuliwa nguzo, na juu ya nguzo kinyumba kizuri kuliko nyumba nyingi za watu, kumbe ni cha ndege: wenyeji wanawapandishia nafaka. Mwanamkuu alicheka peke yake barabarani. "Sisi kwetu tunashinda shambani tunawafukuza kwenye mpunga, wenzetu wanawajengea!" Akauona na msikiti mkuu wa Ijumaa, ambao nguzo zake alianza kuzihesabu, alipofika tisini akapotea, na mlinzi akamwambia kwa vidole kwamba zimezidi mia mbili na hamsini. Kando kwa juu aliona sehemu waliyokuwa wakiswali wanawake wa kifalme, imezungushiwa mawe yenye matundu, ili wasikie na kuona bila ya kutazamwa. Hilo aliliweka moyoni.

Kibwana aliporuhusiwa kutoka wodini, zimebaki siku nne warudi nyumbani, akaomba naye apelekwe. Yeye ni mwashi, alianza kushika mwiko akiwa kijana asiye na ndevu. Wakaenda kwa bajaji taratibu, nje ya mji, kwenye kisima cha ngazi cha Adalaj, unachoteremka ghorofa tano chini ya ardhi, na kuta zote zimechongwa mpaka kwenye maji. Kibwana aliligusa jiwe, akaliwekea shavu lake. "Mama Raudha," akasema, "watu hawa hawakuwa na haraka kabisa." Akatoa machozi, na yeye si mtu wa kulia.

Kesho yake wakaenda msikiti wa Sidi Said. Ni msikiti mdogo, barabara zimeuzunguka pande zote, magari yanapiga honi. Lakini ukutani kwa juu pana madirisha ya mawe, na mawe hayo yametobolewa matundu mamia kwa mamia, na katika dirisha moja matundu yamefanya mti. Mti mzima wa jiwe: shina limejipinda, matawi yamejisokota yakashikana na majani, na kati yake umesimama mmea mfano wa mnazi. Mwanga unapita kila penye uwazi. Kibwana aliingia kuswali. Wanawake hawakuwa wakiingia kwenye safu za ndani, kwa hiyo Mwanamkuu alizunguka nyuma, akasimama kando ya barabara, akautazama mti kwa nje.

Kibwana alitoka amebadilika sura. Mtu mmoja mle ndani anayejua Kiingereza cha kuokoteza kama chake alikuwa amemweleza kwamba aliyeujenga, huyo Sidi Said, alikuwa Mhabeshi. Mtu wa asili ya Afrika! Miaka mia nne na hamsini iliyopita! "Mweusi kama mimi," Kibwana akasema, akijigonga mkono, "na Wahindi wanakuja kupiga picha." Kisha akageuka kuutazama msikiti. "Lakini dirisha la katikati, Mama Raudha, lile la kibla hasa, halina kitu. Limezibwa mawe matupu. Wanasema huenda mambo yalimwishia kabla ya kulimaliza."

Ni ndani ya ndege, wakirudi, ndipo alipomwambia mkewe jambo alilolifanya. Akiwa kwenye sijida mbele ya yale mawe matupu alikuwa ameweka nadhiri: Mungu akimrudisha Mzenga hai, atatengeneza dirisha la mti kwenye msikiti wao, kwa mikono yake mwenyewe.

"Kwa mikono yako mwenyewe," Mwanamkuu akarudia. Mfukoni mwake mlikuwa na karatasi ya daktari waliyopewa asubuhi hiyo hiyo. Dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, kila siku, mpaka siku ya kufa, la sivyo damu itagandia kwenye ule mlango. Na kwa kuwa damu ni nyepesi, asijikate: patasi marufuku, msumeno marufuku, mashine ya kukatia mawe asiisogelee. "Baba Raudha, ungesema tu utatengeneza. Nani alikutuma uongeze mikono?"

"Sikujua."

Hata angejua, mimi namfahamu, angeongeza tu. Mwashi akiahidi jambo anaahidi na mikono.

Miaka miwili ikapita hivi hivi. Kibwana alikula vidonge vyake, akaenda kupima damu Kibaha kila mwezi, na mti ule ukabaki kuwa hadithi ya barazani. Hadithi yenyewe haikukosa ubishi, maana yeye alisema shina limepindia kushoto, mkewe akasema kulia, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Kisha mwaka huu msikiti wa kitongoji ukaanza kuongezwa. Mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Mzenga, mwenye duka Kwa Mathias, Kibaha, akajitolea madirisha yote ya aluminiamu na vioo. Watu wakashangilia. Kibwana alirudi kutoka kwenye kikao amekunja uso, akakaa, hakula.

"Yakishawekwa hayo madirisha," akamwambia mkewe, "langu litakwenda wapi? Nitakufa na deni la Mungu."

Wiki moja baadaye Mwanamkuu alikuwa anatafuta kamba kwenye mfuko wa zana wa mumewe, mfuko uliokuwa hauguswi tangu India. Akakuta patasi mpya, bado ina mafuta ya dukani. Chini ya patasi, kwenye kipande cha gazeti, vidonge. Akavimwaga kiganjani. Vinne. Vidonge vya siku nne, vile ambavyo kila asubuhi yeye mwenyewe alimpa na kikombe cha maji, akamwona anameza.

Alitamani apige kelele mpaka Kisarawe mjini wasikie. Badala yake akatoka uani, akapiga magoti kando ya mkeka alikolala mzee, akainamisha sikio. Tik. Tik. Ulikuwepo, lakini yeye aliona kama umekuwa mzito, kama mlango wa chumba ulioanza kukwaruza sakafu. Labda ni hofu tu.

"Kibwana!" Alipomwita kwa jina mzee alifumbua macho, maana hajaitwa hivyo tangu Raudha azaliwe. "Hivi unataka kuniacha mjane kwa ajili ya dirisha?"

"Siku kumi tu," akasema kwa aibu. "Damu ipate nguvu kidogo, nichonge, halafu niendelee na dawa."

"Siku kumi! Nani kakupa hesabu hiyo?"

Asubuhi ya pili walikuwa Kibaha, mbele ya Sista Elinipa, muuguzi anayewapima damu mgonjwa kwa mgonjwa na kuwajua mpaka majina ya wajukuu. Alisoma majibu mara mbili, akamwita daktari, Kibwana akachomwa sindano, akaandikiwa arudi kila siku tatu. Kisha Elinipa akavuta kiti akakaa naye goti kwa goti.

"Mzee wangu, shikamoo tena."

"Marahaba, mwanangu."

"Ule mlango wako damu ikigandia, unakwama. Ukikwama, hakuna mtu wa kubisha hodi ukafunguka. Siku nne umebahatika. Usijaribu ya tano."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Walipofika Kwa Mathias kumsubiri binti yao, aliketi kwenye benchi la duka la vifaa vya ujenzi akitazama vidole vyake. Raudha anafanya kazi kiwandani Zegereni. Alikuja na sare yake ya kazi, ameshapigiwa simu na mama yake, amevimba.

"Baba, yaani unataka kutuua kwa presha? Dirisha! Si bora uniambie nikuchoree kwenye simu?" Kwa hasira hiyo hiyo akafungua simu, akatafuta, akawawekea picha mbili. "Haya, huu hapa mti wenu. Hii imepigwa ndani, shina kushoto. Hii imepigwa nje, shina kulia. Miaka mitatu mnagombana kitu kimoja, mmoja kakiona mbele mwingine nyuma!"

Siku nyingine wangecheka. Kibwana aliishika simu akaitazama picha ya ndani kwa muda mrefu.

"Yule Sidi alikufa limebaki la katikati," akasema polepole. "Mimi hata la kwanza sijaanza. Naogopa, mwanangu. Siogopi kufa, nishaiona hali ya kufa ilivyo. Naogopa kwenda kuulizwa."

Raudha hasira zikamwisha. Alimshika baba yake mkono.

Mwanamkuu alikuwa amegeuza uso asionekane analia, akitazama mbele ya duka. Palipangwa yale matofali ya saruji yenye matundu, ya kupitishia hewa, na malori ya barabara ya Morogoro yalikuwa yameyarushia tope mpaka matundu yote yakaziba, tofali limekuwa kama kipande cha ukuta. Mfanyakazi wa duka akaja na mpira wa maji, akafungulia. Tope likalainika, likaanguka, matundu yakatokea moja baada ya jingine, mwanga ukapita.

"Subirini," Mwanamkuu akasema.

Akasimama. Akalisogelea tofali, akachokoa tope lililobaki kwa kidole, akalisugua kati ya kidole na gumba kama anavyopima udongo wake.

"Baba Raudha, kwa nini tuchonge? Wewe unafikiria jiwe, unatoa usichokitaka kwa patasi. Mimi nafinyanga. Nitakufanyia matundu kwa udongo, nisiyachome. Nayapanga chini, wewe unamwaga saruji katikati yake. Ikishika, tunauosha udongo, palipokuwa na udongo panabaki tundu. Hakuna kukata. Hakuna damu."

Kibwana alimtazama mkewe, kisha tofali. Uso wake ukaanza kufanya hesabu: mchanga gani, kokoto hapana, waya wa kufungia nondo upitishwe wapi. Mwanamkuu alimjua kwa kumtazama tu. Mwashi alikuwa amerudi.

Lakini nadhiri ni nadhiri, na Kibwana hakutaka kumdanganya Mungu. Wakaenda kwa Ustadhi Badru, imamu wao, kijana mpole mwenye elimu. Badru aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Saruji utaimwaga wewe mzee, kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

"Basi mikono yako imo. Hukuahidi kwamba hutasaidiwa. Na kujidhuru, Mungu hakukuagiza." Kibwana akashusha pumzi. Ndipo Badru akakohoa kidogo. "Ila kwenye kibla, mzee wangu, hapana. Mti ule ukiwa mbele ya macho ya watu wanaoswali, watahesabu majani badala ya kuswali. Na mimi mmojawapo."

Wakaenda na Badru kumpelekea habari Mzee Mwishehe, mwenyekiti wa kamati, naye akaongeza kwamba kuta za pembeni madirisha yake yameshapimwa na aluminiamu imeshakatwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu mwenye orodha mkononi. "Labda tungekuwekea kwenye chumba cha kutawadhia," akashauri.

Kibwana alifumba macho. Nadhiri ya Ahmedabad, kwenye chumba cha kutawadhia!

Hapo Mwanamkuu akapandisha mori. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini yakija yanakuja na ndugu zao.

"Mzee Mwishehe, shikamoo."

"Marahaba, Mama Raudha."

"Ukuta wa nyuma una dirisha gani?"

"Ukuta wa nyuma ndio unaotutenga na chumba chenu wanawake. Hauna dirisha."

"Hauna. Miaka thelathini naswali nyuma ya huo ukuta. Spika ikiwa nzima, tunasikia mkwaruzo. Umeme ukikatika, tunaswali kwa kukisia. Mwaka jana tarawehe, umeme ukazima tuko kwenye sijida. Tumesujudu, tumesujudu, nyonga zinatuuma, kila mmoja anaogopa kuinuka kabla ya imamu. Tulichokuja kusikia ni pikipiki zenu zinawashwa. Mmeshatoa salamu mnakwenda kwenu!"

Badru aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika. Mzee Mwishehe hakucheka. Alikuwa na pikipiki.

"Sasa mkitoboa si mtaonekana?" akauliza.

"Ndiyo maana ya matundu," Mwanamkuu akasema. "Kule kwenye msikiti mkuu wa Ahmedabad wake wa wafalme waliswali nyuma ya mawe ya hivyo. Unasikia, unamwona imamu, na anayekutazama wewe haambulii kitu. Wafalme waliona sawa kwa wake zao, kwa Mzenga haitoshi?"

Mzee Mwishehe alimtazama Badru. Badru akasema nyuma ya watu wanaoswali hapamshughulishi mtu, na wanawake wana haki ya kumsikia imamu wao. Mwenyekiti akatafuta kwenye orodha yake mahali pa kuandika ukuta wa nyuma, hapakuwepo, akaandika pembeni.

Kazi ilianza uani kwao. Kibwana alichora mti kwa mkaa kwenye mbao pana zilizounganishwa, futi nne kwa tatu, juu nusu duara. Alichora kutoka kwenye picha ya Raudha, ila pale palipostahili mmea mfano wa mnazi akachora mkorosho, akasema Sidi alichora cha kwao na yeye atachora cha kwake. Mwanamkuu akafinyanga matundu. Jamani, umewahi kufinyanga kitu ambacho kazi yake ni kuondoka? Vipande mia nne na ushee, kimo inchi tatu, vingine kama jani, vingine kama kucha, kila kimoja amekilainisha kwa kokoto kama vile ni shingo ya mtungi. Jirani zake walimwuliza mbona anajisumbua na udongo wa kuoshwa. Aliwajibu kwamba udongo ukiwa na makunyanzi, mwanga nao utatoka na makunyanzi.

Kibwana alivaa glavu nene. Alisuka waya katikati ya vipande, akamwaga saruji laini kwa kikopo, akiisukuma kwa kijiti mpaka kwenye ncha za matawi. Wakafunika kwa magunia mabichi, wakangoja siku saba.

Siku ya saba dirisha likawashinda. Udongo ulikuwa umekauka mno kabla ya kumwagiwa, ukafyonza maji ya saruji na kung'ang'ania humo. Maji hayakuutoa. Walipojaribu kuusukuma kwa kijiti, tawi kubwa likakatika, na shina likapasuka mpaka chini. Kazi ya wiki tatu. Kibwana aliweka kijiti chini, akavua glavu moja moja, akaenda kukaa mkekani akiupa ua mgongo. Mwanamkuu alikaa palepale kwenye vifusi. Alichokuwa anasikiliza ni mlio tu. Tik. Tik. Alijiambia, asubuhi nitamtazama mpaka ndani ya mdomo, nione kidonge kimekwenda.

Hakuhitaji. Asubuhi Kibwana alikuja mwenyewe jikoni, akachukua kidonge, akakimeza, akafungua mdomo wazi kama mtoto anayeonyesha jino. Kisha akasema, "Kosa ni langu. Mbao za zege tunazipaka mafuta machafu zisishike. Miaka yote hiyo nazipaka. Udongo wako nikauonea haya, nikaona utachafuka."

"Mafuta ya gari? Kwenye udongo wangu?"

"Ya gari, mke wangu."

"Paka," akasema Mwanamkuu. "Uzuri wake utarudi ukishaoshwa."

Mara ya pili vipande viliwekwa vikiwa bado na unyevu, vimepakwa mafuta meusi, vinanuka gereji. Siku ya saba wakalisimamisha dirisha kwa msaada wa wanaume sita, Mwanamkuu akashika ndoo na kata. Akamwagia taratibu kuanzia juu. Udongo ukalegea, ukateremka, ukamchafua mpaka viwikoni. Tundu la kwanza likafunguka, akaona jicho la mumewe upande wa pili. La pili. La kumi. Wanaume walioshikilia wakaacha kuzungumza. Mpaka adhuhuri udongo wote wa Mwanamkuu ulikuwa chini, umegeuka tope, na katikati ya ua ukasimama mti wenye mkorosho ndani yake, jua limepita kila mahali alipokuwa amefinyanga yeye.

Kibwana alipita mbele ya dirisha, akapita nyuma, akagusa kila tawi. "Nimemaliza," akasema. Akasema tena, kwa sauti ndogo, na hiyo ya pili hakuwa akiwaambia watu.

Ukuta wa nyuma ulitobolewa siku ya Jumanne, dirisha likasimikwa Jumatano, na Ijumaa wanawake walijaa kuliko sikukuu. Wengine hata kuswali walikuwa hawakukusudia, walikuja kuona. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, spika imekufa, na Mwanamkuu alipoingia alikuta mwanga wa ukumbi wa wanaume umepita kwenye mti ukalala kwenye mkeka wa wanawake, majani kwa majani. Alitazama juu. Shina limepindia kulia, vilevile alivyoliona amesimama kando ya barabara, magari yakimpigia honi. Kwa hiyo upande ule mzee analiona kushoto, akafikiri, na ataendelea kujiona mshindi. Mwache.

Sauti ya Badru ilikuja wazi, neno kwa neno, wala hakuwa anapaza. Wanawake walitazamana. Bibi mmoja mtu mzima alifuta machozi kwa ncha ya ushungi akasema kumbe imamu wetu ana sauti nzuri hivi.

Wakasimama kuswali. Kupitia kwenye matundu Mwanamkuu aliona migongo ya safu ya mwisho, kanzu nyeupe, na mmoja hakuwa na haja ya kumtafuta. Kibwana, ambaye maisha yake yote aliwahi safu ya kwanza, leo alikuwa amesimama ya mwisho kabisa, kisigino kwenye ukuta wa dirisha lake.

Wakarukuu. Wakainuka. Badru akatoa takbira, watu wote wakashuka kwenye sijida, wanaume upande ule, wanawake upande huu, na msikiti mzima ukanyamaza.

Tik.

Mwanamkuu, paji la uso kwenye mkeka, hakupumua.

Tik. Tik. Tik. Hapo karibu kabisa, umbali wa mkono, safi kama mlango uliopakwa mafuta, mlio ulipita kwenye matundu aliyoyafinyanga kwa vidole vyake, ukamfikia nyuma ya ukuta ambako miaka thelathini hapajafika kitu. Machozi yalimtoka yakalowesha mkeka. Alitakiwa aseme subhana mara tatu, na alikuwa ameanza, lakini alipofika ya pili akapotea, hakujua amesema ngapi na zimebaki ngapi.

Akaanza upya, akifuatisha moyo wa mumewe.